Kanga ya Mama Ilivyopanda Angani

Akalla, Stockholm

Kwako Dada Mwanaidi,

Shikamoo, Dada. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na shemeji bado anakusikiliza nusu nusu kama kawaida yake. Mimi mwili hauna neno. Kazi kule kwenye nyumba ya wazee Hässelby inaendelea, na baridi imeanza kututafuta masikioni. Ndani ya bahasha kuna kitu nimekikunja kwenye karatasi. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu na simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu nilikudanganya. Uliponipigia kuhusu harusi ya mwanao Rehema ukaniuliza kama kanga ya mama bado ninayo, nilikujibu, "Ipo kabatini, Dada." Haikuwepo. Ilikuwa imeshaungua tangu mwezi wa tano, na aliyeiunguza ni mimi.

Ngoja nikueleze toka mwanzo, ujue unachokikasirikia. Nina rafiki hapa, Mzee Lubega, Mganda aliyekuja zamani akiwa mkimbizi, akaendesha basi mpaka akastaafu. Anakaa Sundbyberg. Yeye na Waswidi kadhaa hutengeneza roketi ndogo na kuzirusha kwenye shamba nje ya mji. Najua unacheka: mwanamume wa miaka arobaini na mitatu. Lakini nilipenda, Dada. Nikanunua yangu, ikaja vipande vipande kwenye boksi: bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao, pua ya plastiki. Wiki sita meza yangu ya chakula ilinuka gundi. Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijani, na ilipokamilika ikisimama inanifika kifuani.

Roketi hiyo ikifika juu, injini yake hulipua baruti kidogo ndani ya bomba ili kuisukuma parachuti nje, ishuke taratibu. Parachuti ilikuja kwenye boksi, ya nailoni nyepesi, pamoja na kitambaa kisichoshika moto cha kuikinga. Hakikukosekana kitu. Ila ilifanana na za wenzangu wote, nami nilitaka angalau mara moja watu wa hapa wanitazame waone kitu kingine zaidi ya yule anayeogesha wazee. Nikaitoa kanga.

Siku ya arobaini ya mama uliitenganisha doti ile mbele ya shangazi, kipande chako, kipande changu, ukasema vitakutana tena kwenye harusi ya kwanza. Mimi changu nikakitia mkasi, nikakikata duara. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo linaniuma kuliko yote.

Kule shambani Mzee Lubega aliibonyeza kanga kwa vidole. "Hii nguo iko mzito, ndugu yangu. Haiwezi funguka. Weka ile ya boksi."

"Itafunguka," nikasema.

"Na ni ya nani?"

Nikamwambia nimeinunua sokoni. Akaja Kerstin, mama wa Kiswidi anayesimamia urushaji, akaishika. "Så fint," akasema, yaani imependeza kweli, akauliza yale maandishi yana maana gani. Maneno yale yale, Dada, ambayo mama alikuwa akikusomea kila ukinuna. Nikajibu, "Ni urembo tu." Nilimkana mama mara mbili kabla roketi haijapanda.

Kanga ilijaa bomba zima, kitambaa cha kinga kikakosa nafasi, nikakiacha. Roketi ikapanda vizuri, sikufichi. Ilipanda mpaka nikasahau nilichofanya. Halafu tukasikia mlio mdogo, kitu kikatoka nusu, kinafuka moshi, hakikufunguka. Ikaja pua chini ikajichomeka kwenye udongo, bomba likapasuka. Nilipofika, kanga ilikuwa na tundu la kupitisha kichwa na moto bado unakula kingo. Niliikanyaga kuuzima. Kanga ya mama, kwa buti.

Mzee Lubega hakunicheka. Aliniuliza polepole, "Sokoni wapi?" Nikainama kuokota vipande vya bomba.

Baada ya simu yako nikahangaika kutafuta nyingine. Mama mmoja wa Kongo anayeuza vitambaa akanipatia, chapa ile ile, maneno yale yale. Niliifua mara tano kwa maji ya moto kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu ili ichujuke. Kisha nikakumbuka alama ya mama, mishono mitatu ya uzi mwekundu pembeni, ili kanga zake zisichanganyike na za Mama Salim kwenye kamba. Jumapili asubuhi nikakaa dirishani na sindano. Mshono wa kwanza ulitoka sawasawa na wake, maana ndiye aliyenifundisha kushona vifungo. Hapo mkono ukagoma. Nikaufumua, nikachukua karatasi hii.

Kanga mpya nitakuja nayo, na nitasema ni mpya. Mbele ya shangazi nitaeleza mwenyewe. Ukiona ni bora nisije harusini, niambie, sitakulaumu. Nimejionea haya kiasi kwamba hata picha ya mama niliigeuzia ukutani, na sijaigeuza tena.

Nisalimie shemeji. Nisalimie shangazi Bi Zuhura, shahidi wetu, umbusu mkono kwa niaba yangu. Bibi harusi mwambie mjomba anampenda. Hayo mengine utajua wewe umwambie lini. Na Mama Salim jirani, mwenye kamba, naye nisalimie.

Nilipoikata ile kanga duara, pembe nne zilidondoka sakafuni. Tatu nilizizoa nikatupa. Ya nne niliikuta juzi chini ya jokofu, nikifagia. Sasa fungua karatasi, Dada. Mishono yote mitatu ipo.

Mdogo wako aliyekukosea,
Sudi