Boksi la Kahawa Mbele ya Rejeta

Kijiji cha Vaskojärvi,
Lapi, Ufini.
6 Machi

Mpendwa mdogo wangu Reino,

Pokea salamu kutoka kwenye barafu. Hali yako huko Australia? Na mkeo Beryl, mgongo wake umetulia? Mimi mzima. Meno yaliyobaki hayajagombana bado. Naomba jua la huko lisikukaushe ukabaki kama samaki wa chumvi.

Kwanza ujue kwamba anayekuandikia ni dereva asiye na mfano Lapi nzima. Miaka yote ya ndoa yangu, hata baridi ya kupasua miti, sijawahi kuwasha gari asubuhi likakataa. Waulize majirani.

Basi, usiwaulize. Watacheka mpaka wajikojolee. Gari lilikuwa linawaka kwa sababu ya Saimi. Kazi ya gari ilikuwa yake, jiko la sauna, bafu letu la mvuke, langu. Tuligawana hivyo tangu mwanzo na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Kila jioni, akiwa anavaa buti, aliniuliza, "Mzee, kipimajoto kinasemaje?" Nami nachungulia dirishani namsomea: kumi chini ya sifuri, ishirini chini. Kwa namba hiyo alijua achomeke saa ngapi waya wa umeme wa kupasha injini moto, na kama aweke boksi la kuzuia upepo mbele ya rejeta au aliache. Mimi nilikuwa msoma namba tu, mke wangu ndiye fundi.

Maziko yake nilikueleza kwa simu, ila si yote. Simu haifai kwa mambo ya kijinga.

Jioni ya kuamkia maziko nilisoma kipimajoto kwa sauti, kama kawaida: thelathini na nane chini. Hakuna aliyevaa buti. Asubuhi napiga stata, gari likakohoa mara moja likanyamaza, oili imeganda kama asali ya mwaka juzi. Ndipo nikaukumbuka waya. Nikauchomeka, nikakaa jikoni na suti yangu, nikanywa kahawa huku injini ikipata moto. Sikuwaza kitu. Nilitazama ukuta, ukuta nao ukanitazama.

Gari likawaka, nikaondoka. Kufika uwanja wa kanisa, naona watu hawanitazami usoni, wanatazama chini ya gari. Tyyne, dada yake Saimi, akanisogelea na lile koti lake jeusi.

"Shemeji," akaninong'oneza, "umekuja na mkia."

Nilisahau kuchomoa waya. Nimeuburuta njia nzima, pamoja na kipande cha soketi ya ukutani. Jirani yangu Jalmari, yule asiyejua kunyamaza, akasema, "Urpo katuletea umeme kanisani. Mchungaji, zima mishumaa!" Mchungaji akajikuna pua ili asicheke. Nikauzungusha waya mkononi, nikautia ndani ya gari, nikaingia kumzika mke wangu. Sikucheka wala sikulia.

Watu wananiuliza najisikiaje. Nawaambia, kama kidole kilichokaa nje bila glavu. Kipo, nakiona, lakini ukikigonga ni kama unagonga kidole cha mtu mwingine.

Wakati wa kurudi, mshale wa joto haukuinuka kabisa, na pumzi yangu ikaganda kwenye kioo kwa ndani. Nilipofika nyumbani Jalmari akaja kuchungulia. "Boksi lako liko wapi, wewe? Upepo wote unaingia kwenye rejeta, injini itapata joto lini?" Nikalikuta gereji, limetundikwa kwenye msumari. Ni boksi la kahawa, Saimi alilikata kwa mkasi wake wa kushonea, akaliachia tundu dogo katikati ili feni ipumue. Nikalipachika. Mshale ukapanda, miguu ikapata joto. Tangu hapo sikulitoa tena. Kila Jumapili nilikwenda nalo makaburini kumwashia mshumaa, na ni mbali.

Wiki iliyopita hewa ikalegea. Theluji inaporomoka kutoka mapaani, kipimajoto kimevuka sifuri. Hapa kwetu hata mtoto anajua, hewa ikilegea boksi linatoka. Nami nilijua. Nikafunga tela la kuni nyuma, nikaanza kupanda kilima. Mshale ukapita katikati, nikauona. Ukaingia kwenye nyekundu, nikauona pia. Nikaendelea kukanyaga mafuta kana kwamba natazama gari la mwingine. Likachemsha, mvuke ukafunika kioo.

Jalmari alikuwa nyuma yangu. Akashuka anapiga kelele, "We mzee, toa hilo boksi!"

"Ni la Saimi," nikamwambia.

"Na gari je, la nani? Ukiiua injini utakwenda makaburini kwa miguu? Hiyo miguu yenyewe ndiyo hiyo? Toa!"

Nikavua glavu, nikalichomoa. Reino, lilikuwa la moto. Sikutegemea. Kila kitu chake nilichogusa tangu Januari kilikuwa baridi: kikombe, mto, ule mkasi. Hili lilikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni. Nililishika mpaka likapoa. Jalmari akageuka akawa anahesabu miti. Kumbe mbwa yule ana adabu yake. Baadaye, injini ilipopoa, tukaongeza maji. Gari ni zima. Boksi limerudi msumarini kungoja baridi, na baridi huku haikosi.

Msalimie Beryl, na wajukuu, hata yule anayeona haya kuongea nami kwenye simu. Tyyne anakusalimu, anasema bado wewe ndiye mzuri kati yetu, ugonjwa wa macho huo. Mungu awaweke kwenye kivuli, sisi atuweke karibu na jiko.

Sasa deni lako. Ulipohamia huko uliniomba nikuandikie kila masika theluji imefika wapi kwenye uzio wa baba. Nimekuandikia miaka yote, hata mwaka ule ambao uzio wenyewe ulikuwa umeanguka. Zamu yako. Jioni bado nasoma kipimajoto kwa sauti, na hakuna anayeuliza. Nipigie siku moja kwa wiki, jioni ya kwetu, uniulize tu, "Mzee, kipimajoto kinasemaje?" Usiongeze neno. Nitakutajia namba, nitavaa buti, nitatoka.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ingawa hustahili,
Urpo