Nyumba Iliyovuka Kilima Bila Mama

Kwa baba yetu, Belarmino Oyarzo Millacura, wa Colhué, kisiwani Chiloé

Mwaka umekatika, Baba, tangu asubuhi ile ya Aprili ulipokunywa chai yako ya majani ya mate, ukasema unajilaza kidogo kabla ya kwenda kuchimba viazi, na hukuamka tena. Viazi tulivichimba sisi pamoja na majirani. Vilikuwa vingi msimu ule, na vikubwa.

Tumekaa jikoni kwako kuandika haya, sisi wanao watatu, na tumebishana sana. Hernán anataka tuandike kwamba ulikuwa mtu mwema, basi, tuweke nukta. Yasna anasema tukiandika hivyo tu, wewe mwenyewe utatucheka huko uliko. Kwa hiyo mimi, Nolvia, mkubwa wao, nimeshika kalamu, na nitasema mambo kama ulivyopenda yasemwe, bila kuyapaka sukari.

Ulikuwa mtu mwema. Hernán hajakosea. Uliamka kabla yetu sote, ukawasha jiko, ukatundika nguo zetu za shule juu yake ili tuvae kitu chenye joto. Kondoo akizaa kwenye mvua, mwanakondoo alilala ndani ya koti lako, nawe ukalala bila koti. Hukuwahi kutupiga. Na nyumba uliijenga kwa mikono yako mwenyewe, kuanzia nguzo ya kwanza mpaka kigae cha mwisho cha mbao, kule bondeni nyuma ya kilima, mahali penye maji, kuni na kinga ya upepo. Palikosa kitu kimoja tu, nacho ni watu.

Nawe watu hukuwataka. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini," ulizoea kusema huku unanoa shoka. Mama alikuwa mtoto wa ufukweni, aliyekulia katika nyumba yenye kelele kama soko, na hakukuachia neno la mwisho hata siku moja. "Na asiyemtegemea mtu," alikujibu, "hunywa supu yake na ukuta."

Mama hakuomba mengi. Babu alimwachia kiwanja kijijini, karibu na kanisa, kikajaa miiba kwa kukosa mtu wa kukikalia. Alitaka nyumba yetu ihamishiwe pale. Kwetu nyumba huhamishwa nzima nzima. Hutolewa vyombo na madirisha, huwekwa juu ya magogo mawili marefu, hufungwa minyororo, na maksai wa kijiji kizima huivuta. Kazi hiyo tunaiita minga. Ni msaragambo, haina malipo. Mwenye nyumba hupika watu wakala, na siku wakimhitaji naye huenda. Ila ina sharti moja: mwenye shida lazima apite nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, awasihi watu kwa kinywa chake mwenyewe. Kutuma mtoto hakukubaliki. Hapo ndipo ulipokwama, Baba.

"Clorinda, unataka nikawapigie watu magoti?"

"Nani kataja magoti? Sema 'naomba' tu. Neno lenyewe fupi."

"Mwakani."

"Mwaka jana ulisema mwakani."

"Si unaona? Mazoezi ya kusema nimeshaanza."

Tukacheka, na Mama akacheka kuliko sisi, huku anakupiga na kitambaa cha vyombo. Ulijua kuchekesha. Mara ngapi ulimchekesha ili asiulize tena? Leo kicheko kile kinatuuma, kwa sababu nasi tulikusaidia kukipiga.

"Mimi nataka dirisha lenye watu," alimwambia Yasna siku moja wakimenya viazi. "Nichungulie, nione nani kavaa nini, nani kanuna. Huku naona kilima. Nacho hakinuni."

Halafu kuna habari ya Mzee Rosamel Chiguay, ambaye ameturuhusu tuiandike. Bahari ilikuwa inakula ukingo chini ya nyumba yake, ikabidi aivute kwenda juu. Alikuja mlangoni kwetu na kofia mkononi, mvua ikimtiririka shingoni, kukusihi jozi zako mbili za maksai. Hakukuwa na maksai wenye nguvu kama wako. Ulimwambia, "Ng'ombe wangu si wa kijiji." Hukumkaribisha hata ndani. Siku ile waliivuta kwa maksai wachache, gogo moja likavunjika mlimani, nyumba ikakaa upande. Walikuja kuisogeza baadaye, lakini sakafu haikunyooka tena. Majira yote ya baridi mkewe alipika huku anakimbizana na sufuria.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kutusihi chochote. Watu walitusalimia vizuri kanisani, wakaendelea na mazungumzo yao. Mama alirudi akipanda kilima kimyakimya, na wewe ulitangulia mbele na mwavuli.

Mama alikufa mchana, mwezi wa Julai, moyo. Ulikuwa msituni unapasua kuni. Sisi tulikuwa tumeshatawanyika, Hernán kule Punta Arenas, mimi na Yasna mjini Castro. Ulimkuta ameketi chini karibu na mlango, na mlango uko wazi, mvua inaingia ndani. Alikuwa ameufungua ili aite. Kama aliita, hakukuwa na wa kumsikia.

Msibani watu huja bila kusihiwa. Walipanda kilima kile chote, vibibi wenye fimbo, na mikate ya viazi imefungwa kwenye mashuka, wakasali nasi siku zote tisa za maombolezo. Ukawatazama wanavyoshuka kwenye tope, mmoja anamshika mwenzake. Nilikuona ukiwatazama. Mama ndiye aliyekutangulia kwenda kijijini, kwa jeneza, makaburini pale karibu na kiwanja chake.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wewe ulijikunja mkavu, Baba, umepita miaka sabini, na sisi tuliokuwa karibu tulisikia mifupa ikilia. Majira ya joto yalipoanza ulinyoa ndevu, ukavaa koti la harusi, ukaniambia, "Twende. Nikigeuka njiani, nisukume."

Tulianza kwa Bi. Herminda Barría, binamu ya Mama, ambaye ulimi wake unajulikana mpaka visiwa vya mbele.

"Belarmino! Umepotea njia?"

"Hapana, shemeji. Nimekuja kukusihi."

"Kunisihi? Ngoja nikae kitako kwanza, nisije nikaanguka." Akakaa. Akakunja mikono. "Haya. Na lile neno, 'ng'ombe wangu si wa kijiji', nani alilisema vile? Kichwa changu siku hizi hakishiki."

"Mimi."

"Ahaa. Wewe."

Ulisimama pale unazungusha kofia. Nilitaka kukusaidia kusema, nikakumbuka sharti, nikauma ulimi.

"Nataka kuihamishia nyumba kwenye kiwanja cha Clorinda," ulisema. "Peke yangu siwezi. Naomba."

Bi. Herminda hakucheka. Alipangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. "Nina mjukuu mmoja, jozi moja ya maksai, na mdomo wangu," akasema. "Vyote vitakuja. Sasa kaa unywe kitu, umekuwa mweupe kama jibini."

Ulipita nyumba zote za Colhué. Wengine walikufanya usubiri nje. Mmoja alikuambia urudi kesho, ukarudi kesho. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Rosamel. Ulimsihi ukiwa umesimama kwenye ile sakafu iliyoinama, naye anashona wavu, hakuinua macho. Ulipomaliza alisema, "Nimesikia." Basi. Hakusema ndiyo wala hapana. Na sote tulijua kwamba bila jozi tatu alizokuwa nazo sasa nyumba isingevuka kilima.

Jumamosi ya minga kulikuwa na manyunyu. Watu walianza kutokeza juu ya kilima na maksai wao, na kila jozi ilipotokea ulivua kofia. Madirisha yalikuwa yameshatolewa, bendera iko juu ya paa, minyororo tayari. Tukangoja. Hernán, aliyepanda meli kutoka kusini kwa ajili ya siku hiyo, akakunong'oneza, "Baba, tuanze tu." Ukasema tungoje kidogo. Uliogopa, Baba. Tulikuwa hatujawahi kukuona unaogopa.

Mzee Rosamel alikuja akishuka kwa njia ya nyuma, na jozi zake zote tatu. Hakusalimia mtu. Aliwafunga mbele kabisa, akapiga kelele moja, na nyumba yako ikaondoka mahali ilipokaa tangu sisi hatujazaliwa.

Ilipofika mlimani iligoma, minyororo ikalia, wanawake tukaingia kusukuma kwa mabega. Bi. Herminda alisukuma kwa mdomo wake kama alivyoahidi, akitukana maksai mmoja mmoja kwa jina. Ikapita. Nilipoona kijiji chote kutoka kule juu, na nyumba yetu imesimama kileleni na bendera yake, nililia, na Yasna akalia. Wewe ulikuwa unatazama miguu ya maksai wasiteleze.

Jioni tuliwapa watu supu ya kondoo, viazi vya kuchoma, na pombe ya tufaha, kama ulivyoagiza, bila kupima. Ulichukua bakuli lako, ukaenda kukaa karibu na Mzee Rosamel. Nilikuwa nagawa mikate, kwa hiyo nilisikia.

"Rosamel, kwa nini umekuja?"

"Si uliniomba?"

"Mimi sikuja uliponiomba wewe."

"Hukuja. Mpaka leo mke wangu akimwaga maji yanajua yenyewe njia ya mlangoni." Watu wa karibu wakacheka. "Lakini uliniomba, Belarmino. Mbona unauliza kama mtoto?"

Ulikoroga supu yako. Kisha ukauliza kwa sauti ya chini, "Na kama ningekuomba zamani? Clorinda akiwa hai?"

Mzee Rosamel alitafuna, akameza, akafuta mdomo. Ni mtu wa haki, hajibu haraka. "Ningekutukana kwanza," alisema. "Siku nzima ningekutukana. Halafu ningekuja. Sote tungekuja."

Uliweka bakuli chini, ukatoka ukaenda kusimama na maksai. Watu walikuwa wanacheza dansi kwenye chumba kile kile alichofia Mama, na walicheza vizuri, kama desturi inavyotaka. Tulidhani umechoka. Tulikuacha.

Baada ya hapo ulibadilika zaidi, na kila aliyekufahamu anashuhudia. Ulikwenda kumnyooshea Mzee Rosamel sakafu, ukalala huko mpaka kazi ikaisha. Ulihudhuria kila minga, hata zile ambazo mgongo wako haukufaa kitu, ukakaa na wanawake kumenya viazi na kusikiliza umbea. Ukajua kuomba chumvi. Ukajua kukaribisha. Mtu akipita nje ulimwita kwa jina, na ukimkosa jina unamwita "wewe mwenye koti zuri." Wajukuu zako hawakuwahi kukujua vingine. Wanadhani siku zote ulikuwa hivyo, nasi hatujawaambia.

Lakini kicheko chako kilianza kukatika katikati. Unasimulia jambo, watu wanacheka, na wewe unageuka upande wa kulia, kwenye kiti ambacho hakina mtu. Tulikuambia, "Baba, umefanya vizuri, hujachelewa." Tulikuambia hivyo mara nyingi kwa sababu tulikupenda. Hukutubishia. Ulikuwa unasema tu, "Kwangu mimi, sawa, sijachelewa."

Wiki ya mwisho, Bi. Herminda aliingia asubuhi bila kubisha hodi, kama kawaida yake, akalalamika kwamba moshi wetu unaharibu nguo zake, akachukua vitunguu viwili, akaondoka anabamiza mlango. Yasna akasema, "Huyu mama atatumaliza." Ulisogea dirishani ukamtazama anavyovuka barabara na vitunguu vyake.

"Mama yenu sasa hivi," ukasema, "angekuwa ameshagombana na nusu ya kijiji." Ukavuta pumzi. "Na kupatana nao."

Misa itasomwa Jumapili, Colhué, na baada yake kuna chakula nyumbani kwa Baba. Tunawasihi nyote mje. Tunawasihi kwa kinywa chetu, tumeshapita nyumba kwa nyumba. Ambaye hatukumkuta, naye tunamsihi hapa.

Unakumbukwa na wanao Nolvia, Hernán na Yasna. Mkwe wako Ulises. Wajukuu zako Anaís, Damián na Maicol mdogo. Shemeji yako Herminda Barría. Rafiki yako Rosamel Chiguay na mkewe. Na nyumba zote za Colhué.

Hatutakusahau, Baba, wala hatutamsahau Mama, ambaye wote hawa wangekuja kwa ajili yake.