Salamu kwa Kompyuta ya Kigango

Nyaishozi, 8 Septemba 2024

Kwa binti yangu Kayitesi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Dodoma, habari za kazi, na kile kikohozi chako cha vumbi kimepona? Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linaitangulia mvua kwa saa mbili. Migomba haijambo, ng'ombe hajambo. Samiha wa steshenari, anayekutumia barua hii kutoka kwenye flashi yangu na kunichapia majibu yako, anakusalimu sana na anauliza kama umenenepa.

Sasa taarifa. Radi imepiga. Haikumgusa mtu, namshukuru Mungu, ila imepita kwenye waya na kuiua ile kompyuta uliyoniachia. Ilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Nyimbo zote arobaini na tatu alizotunga marehemu mama yako zilikuwa kwenye flashi mfukoni mwangu, pamoja na ile programu uliyoiandika ya kuzipanga kitabu na nota zake, kwa hiyo nikacheka. Padre Rwezaura akanipa kompyuta ya zamani ya kigango. Hapo ndipo kicheko kilipoisha.

Hii ya kigango ni ya Windows. Nikiibofya programu yako haifanyi kazi yoyote. Inafunguka tu kama barua, maneno yote yamebanana kwenye mstari mmoja mrefu wa kufika Mutukula mpakani.

Misa ya mwaka mmoja ya mama yako ni Jumamosi, tarehe 16 Novemba. Kwaya ya Kibingo, alikozaliwa, itakuja kuimba na ya kwetu, na nyimbo zake hawazijui. Bila kitabu wataimba nini? Watapiga makofi tu? Nisaidie, mwanangu.

Ni mimi baba yako,
Polikarpi Habumugisha

---

Dodoma, 12 Septemba 2024

Shikamoo Baba.

Programu hiyo niliiandika kwa ajili ya Linux, mfumo wa ile kompyuta iliyoungua. Windows haiielewi. Inabidi uweke daraja, yaani programu inayoziwezesha programu za Linux kufanya kazi ndani ya Windows. Nimemtumia Samiha, atakuwekea kwenye flashi. Ukishaliweka, litatokea dirisha jeusi. Andika humo amri tatu zilizo chini ya barua hii, moja baada ya nyingine, kama zilivyo. Kisha niandikie mashine imesema nini.

Binti yako,
Kayitesi

---

Nyaishozi, 20 Septemba 2024

Kayitesi mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba, ingawa ilikuja peke yake bila hata ndugu mmoja. Samiha aliigeuza karatasi kuona kama habari nyingine ziko nyuma. Mimi sijambo. Goti lipo.

Daraja limekaa na dirisha jeusi limetokea. Amri ya kwanza ilikuwa ya kunakili folda. Folda hiyo nimeiita Nyimbo za Mama. Mashine ikajibu kwamba hakuna kitu kinachoitwa Nyimbo. Halafu ikasema hakuna kinachoitwa za. Halafu ikasema hakuna kinachoitwa Mama. Hilo la tatu nilikuwa nalijua tangu mwaka jana, lakini kuambiwa na kompyuta ya kigango kulinikalisha chini.

Amri nyingine ikaleta makosa mengi, nikaacha kuyahesabu. Na usiseme nimekaa bure. Ile programu iliyobanana mstari mmoja nimekuhurumia nikaipanga. Siku mbili nzima nimebonyeza Enter, nakata mistari pale ninapoona pumzi inaisha, kama tunavyokata zaburi. Sasa inasomeka vizuri sana. Sijui kwa nini bado inakataa.

Baba yako mpangaji,
Polikarpi

---

Dodoma, 21 Septemba 2024

Baba, umefanya nini?

Programu si zaburi. Mistari ina mahali pake.

Kwanza folda. Dirisha jeusi likiona nafasi kati ya maneno linadhani ni vitu tofauti. Iite Nyimbo_za_Mama, na vistari hivyo.

Pili mistari. Unaikumbuka taipureta ya parokia? Mwisho wa mstari ulikuwa unarudisha kile chuma mwanzo, halafu unasogeza karatasi juu. Windows huandika alama mbili hizo hizo kila mwisho wa mstari. Linux huandika moja tu. Hiyo kompyuta ya zamani ya kigango ikikutana na faili la Linux haioni mwisho wa mstari, ndiyo maana uliona maneno yamebanana. Na ukibonyeza Enter unaacha ile alama ya ziada, haionekani, lakini Linux inajikwaa.

Nimetuma nakala mpya. USIIGUSE. Ukiisha kuiweka, endesha amri ya tatu tu.

Kayitesi, binti yako

---

Nyaishozi, 4 Oktoba 2024

Kwa Kayitesi,

Natumaini u mzima wa afya, nasema natumaini kwa sababu hukusema. Barua yako ilianza na "umefanya nini" mpaka Samiha akaichapa mara mbili, akidhani printa imekula salamu. Huku kwetu tunaendelea. Maharage yameota. Mzee Kamugisha wa besi meno mawili yamemtoka, kwa hiyo besi sasa inapuliza upepo.

Taipureta nimeielewa. Hapo umefundisha vizuri, nami niliyekuwa katekista miaka thelathini na moja najua mwalimu nikimwona. Folda imekubali, Mama amepatikana. Lakini programu bado inakataa! Nakala ni ile ile mpya uliyotuma. Sikuigusa. Nakuandikia hapa chini yote iliyosema, isipokuwa mistari minne ya juu, ambayo nimeiacha kwa kuwa ni mambo yangu mimi na mashine.

Zimebaki wiki sita. Nimeanza kuandika kwa mkono. Wimbo wa kwanza, sauti nne, umenichukua siku tatu na goti limevimba kwa kukaa. Nitamaliza nikiwa na miaka themanini.

Baba yako,
Polikarpi

---

Dodoma, 5 Oktoba 2024

Shikamoo Baba. Naomba hiyo mistari minne.

Kayitesi, bintiyo

---

Nyaishozi, 9 Oktoba 2024

Kayitesi,

Marahaba. Mistari minne siitoi.

Na kwa kuwa umenikera, leo nasema. Mwaka jana uliondoka siku ya nne ya msiba, watu bado wamekaa uani, na hukuniaga. Nilisikia mlango wa gari. Nikatoka na chai yako mkononi, nikakuta vumbi. Najua kazi ilikuita. Lakini mtu anaaga! Tangu siku hiyo barua zako zote ni amri. Andika hiki, futa kile, usiguse. Nimekuwa kama dirisha jeusi.

Sikuuliza wakati ule kwa sababu niliona unaumia. Mimi pia niliumia. Basi.

Usijisumbue tena na programu. Nitaandika kwa mkono.

Baba yako

---

Dodoma, 28 Oktoba 2024

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Shikamoo tena, ni ya zile barua ambazo sikuiandika. Goti linaendeleaje? Nimekutumia dawa ya kuchua, Samiha atakupa. Ng'ombe je, na migomba, na mzee Kamugisha na upepo wake? Mimi mzima. Kikohozi kilipona tangu Agosti, ila sikukwambia. Mwambie Samiha ndiyo, nimenenepa.

Nimekaa kimya karibu wiki tatu kwa sababu barua yako ilinichoma na sikujua nianzie wapi. Halafu juzi nikapata faili lako la programu. Samiha alilinakili kutoka kwenye flashi bila kukuuliza, kwa hiyo mgombeze taratibu. Nimelifungua nikiwa ofisini. Juu kabisa, kabla ya kila kitu, nikakuta hivi:

"Nyaishozi, 2 Oktoba. Mpendwa mashine, salamu. Habari za tangu jana?
Mimi sijambo isipokuwa goti, natumaini nawe moto wa radi haujakufikia.
Kayitesi naye anakusalimu, hakuniambia lakini ana kazi nyingi, si mtu mbaya.
Baada ya salamu, naomba ufanye yafuatayo, ukipata nafasi."

Baba! Nimecheka mpaka wenzangu wakasimama. Halafu nikalia, wakakaa tena.

Hapo ndipo kosa lilipo. Mstari wa kwanza kabisa wa programu unaanza na alama #! na ndio unaosema programu hii apewe nani aisome. Ni anuani ya bahasha. Wewe umeweka salamu juu ya anuani, kwa hiyo mashine haikujua barua ni ya nani, ikaisoma yenyewe, ikaona "Nyaishozi" ikadhani ni amri. Ile mistari minne uliyonificha ilikuwa inasema haijui amri inayoitwa Nyaishozi, wala Mimi, wala Kayitesi, wala Baada. Ungenitumia, ningejua siku ile ile.

Salamu sijazifuta. Ningezifutaje? Nimerudisha anuani juu, nimeziweka salamu chini yake, na kila mstari wa salamu nimeutanguliza na alama #. Mashine ikiiona alama hiyo haiujibu mstari, inaupita tu. Nakala imo kwenye flashi ya Samiha.

Na lile la mwaka jana. Nilishindwa kukuaga, Baba. Nilijua nikikutazama usoni sitapanda gari, na nilikuwa nimeambiwa nisiporudi kazi sina. Nikakimbia. Halafu kadiri siku zilivyopita nikaona aibu hata kuandika habari za huko, kwa hiyo nikaandika amri, maana amri hazina aibu. Nisamehe.

Nimepata ruhusa. Nitashuka hapo kituoni Alhamisi tarehe 14. Nitaimba alto, ya Mama.

Binti yako anayekupenda,
Kayitesi

---

Nyaishozi, 3 Novemba 2024

Kayitesi mwanangu, mama wa alto,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya akiba. Salamu zako zilijaa karatasi nzima, Samiha akazisoma kwa sauti dukani mbele ya wateja. Nimemgombeza taratibu, akanipa peremende. Dawa ya kuchua inanuka lakini inafanya kazi.

IMEFANYA KAZI! Nimeandika amri, nikabonyeza Enter mara moja tu, nikaondoa mikono nikaikalia nisije nikapanga kitu. Dirisha jeusi likakaa kimya muda wa Baba Yetu moja. Kisha kitabu kikatokea, kurasa sitini na nane, nota kila moja mahali pake. Ukurasa wa kwanza umeandikwa jina la mama yako, Costansia. Nimelitazama mpaka chai ikapoa.

Sasa nakiri jambo. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa mafundisho kuandika barua: anuani kwanza, salamu baadaye. Na mimi mwenyewe nimeanza na salamu! Usimwambie Padre. Lakini kwamba nilikosea kuisalimu, hilo sikubali. Mtu hawezi kuamka asubuhi na kuanza kuituma mashine ya watu bila hata habari za asubuhi.

Kuhusu kuaga, nimeelewa. Yamekwisha. Senene wameanza kuanguka, nakuwekea wa kukaanga. Njoo.

Baba yako, mwandishi wa barua kwa mashine,
Polikarpi

---

Nyaishozi, 20 Novemba 2024

Kwa Kayitesi wangu,

Salamu. Umefika salama Dodoma? Senene hawakumwagika kwenye begi? Mimi mzima, goti limetulia, ng'ombe anakutafuta. Kwaya ya Kibingo bado wanausifia wimbo wa kumi na saba, na besi ya Kamugisha wamesema ina mtindo mpya. Sijawaambia ni meno.

Umeniaga mara tatu juzi, mwanangu. Ndani, mlangoni, na tena dirishani gari likiwa limeshaanza, mpaka kondakta akafoka. Mara tatu zilitosha kabisa. Moja ilikuwa ya mwaka jana, nimeihesabu hivyo.

Leo asubuhi nikakaa kwenye mashine kurekebisha nota moja ya teno. Nikaisalimu kama kawaida, nikatoa amri, kitabu kikatoka. Nikataka kulifunga dirisha jeusi, nikaona chini kabisa limeandika mstari ambao sikuuandika:

"Nimemaliza, Baba. Naondoka sasa. Ubaki salama."

Ulikuwa unagusagusa nini humo Jumapili, wakati mimi nakamua ng'ombe? Nilidhani unasafisha vumbi!

Teno imeshakuwa sawa tangu saa tatu. Sasa ni saa sita, na kitabu kile kile nimekitengeneza mara tisa.

Baba yako,
Polikarpi