Goli la Atieno na Neno la Mzee Muniko

Sindo, mvua za masika

Mdogo wangu Chacha,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana nalijua goti lako. Na wewe Akinyi, mkwe wetu unayemsomea baba mkwe wako, soma polepole, na ukifika mahali pa kucheka usitangulie peke yako, msubiri mzee. Ninaandika Kiswahili kwa ajili yako. Kikuria cha kuandika hukufundishwa huku ziwani ulikozaliwa, na Kijaluo changu, hata baada ya miaka yote hii, watoto wa Sindo bado wanakiigiza wakicheza.

Mimi ni mzima. Macho bado yanasoma, mradi jua liwepo. Je, goti linakuruhusu kufika zizini? Kikohozi cha shemeji Robi kimepungua? Mmeshapalilia mahindi? Huku mvua imeanza kwa adabu, na ziwa limegeuka rangi ya chai pale vijito vinapoingia. Omena wanapatikana. Siku hizi sikai tena kwenye mizani ya samaki, kazi ya ukarani nimewaachia wenye migongo minyofu, lakini wavuvi bado huniletea magazeti yaliyofungiwa sukari na sabuni, nami huyakunjua nikasoma hata yakiwa yamechanika.

Chacha, najua umengoja majibu. Uliniandikia kwamba Mzee Muniko hainuki tena kitandani bila kushikwa, na kwamba anaomba nirudi Kehancha ili aseme mbele ya watu, pale pale iritongo, baraza letu la wazee, ilipokaa, kuwa hukumu aliyoitamka juu yangu haikuwa ya haki. Ulisema wakwe zake wa ng'ambo ya mpaka wamemtajia yule aliyewaonyesha wezi wa ng'ombe njia, na kwamba mtu huyo si mimi. Nilipofika kwenye mstari huo niliiweka barua yako chini, nikatoka nje, nikasimama kutazama maji kama mtu aliyetumwa kuyahesabu.

Majibu nimeyaandika mara mbili nikayachana. Ya kwanza yalikuwa na hasira. Ya pili yalikuwa na adabu, na hayo ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi: nilimshukuru mzee, nikasema safari ni ndefu na mimi nimechoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa najiuliza neno hilo litanifaa nini sasa. Nilitoka hapo ndevu zikiwa nyeusi. Mama alizikwa nikiwa huku, kwa kuwa hukumu ilikataza mguu wangu kulikanyaga boma. Muniko akisema alikosea, Mama ataamka anipokee?

Sasa nitakueleza kilichoigeuza nia yangu. Utacheka, kwa sababu ni mpira wa Waingereza.

Hapa Jumapili, watu wakitoka kanisani, huenda kwa Owino, fundi wa nyavu. Ana televisheni, mashine ya video, na jenereta inayokohoa kuliko Robi. Kanda za mechi za Uingereza huletwa na yeyote aliyepita Kisumu, nazo huja bila mpangilio: leo mechi ya juzi, wiki ijayo ya miaka iliyopita. Hilo limewahi kututia aibu. Tuliona beki akimrudishia kipa wake mpira kwa mguu, kipa akaudaka, refa akanyamaza. Jumapili iliyofuata kipa mwingine akafanya vilevile, refa akapuliza. Pakawaka moto. Amehongwa! Nusu ya Sindo ilimtukana mtu yule na mama yake, mpaka nilipokuta kwenye karatasi ya sabuni kwamba sheria yenyewe ilibadilishwa, na kwamba mechi mbili zile zilikuwa za pande mbili za sheria. Tulimwomba msamaha, ingawa hatasikia.

Timu zao tunaziita kwa jezi. Kuna Wekundu, kuna Bluu, na kuna Michirizi, wanaovaa nyeusi na nyeupe. Michirizi hushambulia kama watu wanaofukuza nyoka, wote mbele, nyumbani hawakuacha hata wa kufunga mlango. Wekundu ni watu wa subira, hukuacha uchoke kisha wakakuumiza mwishoni. Mechi ikiisha ndipo mechi yetu huanza, na yetu ni ndefu zaidi.

Ili tusiumizane, Owino alisokota mpira wa nyuzi za nyavu kuukuu, mkubwa kama nazi. Anayeushika ndiye anayesema, wengine hungoja. Na mtu akigundua kwamba alikuwa amekosea, huuweka chini katikati yetu, kama mpira unavyorudishwa katikati ya uwanja goli likishaingia. Yule aliyekuwa akibishana naye huupiga teke, na basi. Kesi hiyo haifufuliwi tena, si ufukweni, si sokoni, si hata kwa mzaha. Mimi ndiye mtunzaji wa mpira huo. "Wewe Jakuria huna timu," Owino aliniambia, maana ndivyo wanavyomwita Mkuria, "na huna shemeji hapa. Shika." Kwetu walisema nina upande. Huku ugeni wangu ndio uliowafanya waniamini.

Katika watu hao wamo wawili ambao lazima uwajue. Mmoja ni Odhiambo, fundi wa mashua, ambaye pia huchezesha mechi za shule za hapa na huvaa filimbi shingoni hata akienda msibani. Wa pili ni jirani yake Atieno, mchuuzi wa omena, mama wa sauti, shabiki wa Michirizi.

Mwaka jana tulitazama Michirizi wakicheza na Wekundu. Mpira wa Michirizi uligonga mwamba wa juu, ukaanguka, ukaruka nje, kipa akaukumbatia. Refa akaonyesha mchezo uendelee. Atieno alikuwa amekwisha kusimama.

"Goli!"

"Keti, mama," Odhiambo akasema. "Refa amesema hapana."

"Refa alikuwa amesimama wapi? Mimi niko Sindo nimeona. Yeye yuko pale hajaona?"

"Kamera iko mbali. Kamera inadanganya."

"Kamera haina shemeji kwa Wekundu! Wewe Odhiambo, hiyo macho yako umeazima nani?"

"Refa akishaamua, imekwisha. Mungu mwenyewe husubiri."

Wakati mwingine tungecheka tukaenda kula. Safari hii haikuisha. Michirizi walishindwa mechi hiyo, baadaye wakakosa kombe, na Atieno akaliweka lote juu ya kichwa cha Odhiambo. Kila alipopita na karai lake alimwita mke wa refa. "Salimia mzee nyumbani!" Odhiambo naye akaacha kununua omena kwake. Mashua ya Atieno ilipoanza kuvuja aliipeleka kwa fundi mwingine, upande wa pili wa ufuko, ilhali uzio tu ndio unaomtenga na Odhiambo. Wake na waume wa nyumba hizo mbili wakaacha kuombana chumvi. Unaona jambo linavyoota mizizi? Mpira uligonga mwamba Uingereza, chumvi ikakatika Sindo.

Jumapili moja, mvua ilipokuwa inaanza, ikaja kanda ya magoli ya msimu mzima. Hakuna aliyejua kilichomo. Tukaona magoli ya kawaida, watu wakala njugu. Ghafla tukaliona lile, la Michirizi na Wekundu, lakini safari hii limepigwa picha kutoka nyuma ya nyavu. Mpira uligonga mwamba, ukaanguka ndani ya mstari. Kati ya mpira na chokaa ungeweza kupitisha kiganja.

Nilimtazama Atieno nikidhani paa litang'oka. Yeye alikuwa anamtazama Odhiambo, na wengine wote vilevile.

"Rudisha," Odhiambo akasema.

Owino akarudisha.

"Tena. Polepole."

"Ndugu yangu, hii mashine haijui polepole. Inajua kwenda na kukwama."

Akatazama tena. Kisha akainuka, akanijia, akanyoosha mikono yote miwili. "Jaduong', nipe." Hilo ndilo neno lao la kumwita mzee kwa heshima. Nikampa mpira wa nyuzi. Akaenda nao katikati, akaushusha kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto.

"Lilikuwa goli," akasema. "Refa alikosea, na mimi nilikosea zaidi yake. Yeye aliona mara moja tu. Mimi nimelishikilia kosa lake mwaka mzima."

Mvuvi mmoja nyuma akaguna. "Sasa itasaidia nini? Kombe lilishakwenda. Pointi zitarudi?"

"Hazirudi," Odhiambo akajibu. "Mimi sikuweka hapa kwa sababu ya pointi. Nimeweka kwa sababu ya jirani."

Atieno akavua ndala moja, akapima kama mpigaji wa penalti, akaupiga. Ukaruka ukaangusha kikombe cha Owino, chai ikamwagika juu ya nyavu.

"Na hilo je," akauliza, "ni goli, ama mnangoja kanda ingine?"

Chacha, watu walicheka mpaka jenereta ikazimika na hakuna aliyekwenda kuiwasha. Kesho yake nilipita kwa Odhiambo. Mashua ya Atieno ilikuwa imepinduliwa uani kwake, yeye anagonga, na Atieno amesimama juu yake mikono kiunoni.

"Huo msumari umepinda."

"Haujapinda."

"Leo refa ni mimi. Umepinda."

Odhiambo akaung'oa.

Nilirudi nyumbani nikakaa na barua yako. Nilimkumbuka yule aliyesema aliniona na wezi. Aliniona kweli, alfajiri, kwenye ukungu, akiwa ng'ambo ya mto. Nilikuwa natoka Isebania na gazeti langu, na waliopita karibu nami na ng'ombe nilidhani ni wenyeji wanaokwenda mnadani. Kutoka alipokuwa, tulikuwa kundi moja. Sidhani alisema uongo. Alisimama mahali pabaya, na Muniko akahukumu kwa macho ya huyo. Yule shahidi amekwisha kufa, na sitaki watoto wake waulizwe lolote. Waambie hivyo kabla sijafika, wasije wakakimbia kwa hofu.

Nilikuwa nimefikiri Muniko anataka kunirudishia miaka, na kwa kuwa hawezi, nikaona neno lake ni bure. Miaka ni kama pointi za Michirizi, imekwenda. Lakini yule mzee amelala hapo na kitu mikononi na hana pa kukiweka, kwa sababu anayepaswa kukipiga teke yuko Sindo anatazama maji. Mimi pia nimechoka kuwa na jirani nisiyemwomba chumvi.

Kwa hiyo ninakuja. Nitapanda gari la Homa Bay mara barabara ya huku ikikauka kidogo, nilale Migori kwa rafiki wa zamani wa kazini, na kesho yake nifike Kehancha kabla watu hawajaanza kukausha tumbaku. Asichinjwe ng'ombe wa faini. Ng'ombe walitosha mara ya kwanza. Wazee wakisisitiza, wachinje mbuzi tuile kama watu wenye njaa, si kama watu wenye kesi. Ninachotaka ni kwamba neno lisemwe nje, mchana, pale pale, na Muniko abebwe na kiti chake ikiwa miguu imekataa. Baadaye, wewe na mimi tu, unipeleke kwa Mama. Usinionyeshe kaburi kwa kidole. Nishike mkono mpaka hapo.

Nimemwomba Owino anisokotee mpira mwingine wa nyuzi. Aliuliza wa nini, nikamweleza yote, nayo ni mara ya kwanza kumweleza mtu wa huku kwa nini nilihama kwetu. Alisokota bila kuuliza zaidi, na alipomaliza alisema, "Nimekaza sana, Jakuria. Huyo mzee asipate aibu mpira ukifumuka." Umo ndani ya mfuko wangu sasa, unanuka samaki. Akinyi atafurahi, utamkumbusha kwao.

Nisalimie Robi, shemeji yangu, mwambie namletea omena waliokaushwa vizuri, ila asiwapike bila ndimu. Msalimie mwanao, mume wa Akinyi, ambaye nilimwacha akiwa mgongoni, na umwambie sitamtambua, asikasirike. Dada yetu mkubwa, kama bado anasikia, umwambie kwa sauti ya juu. Akinyi, mama yako nilimwona sokoni wiki hii, ni mzima, anauliza kama Wakuria wanakulisha.

Chacha, usingoje hata jua lipoe. Akinyi akimaliza tu kusoma, chukua fimbo yako uende kwa Mzee Muniko. Mwambie nimeipokea salamu yake. Mwambie tuko katika dakika za majeruhi, mimi na yeye, na filimbi anayo yeye.

Asipulize bado. Niko njiani.

Kaka yako,
Mwita