Gari la Mtu Mmoja

Athumani, mume wangu,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliitikia, lakini ukakata kabla sijamaliza kusema. Sasa utasoma, maana karatasi huwezi kuikata.

Unatafuta gari lisilokula mafuta na mlima lipande. Vizuri. Lile la kwanza ulilichagua kwa maneno ya watu wa tambarare. Unaikumbuka ile Idi tulipotoka Mombo? Mimi nyuma na shangazi yako, mchele kwenye buti, kiyoyozi kinapuliza kama tumetoka jehanamu. Kufika kona za kwenda Soni likalia kwa gia ya kwanza, likasimama. Ukasema, "Bibi, shuka kidogo lipumue." Lipumue! Nikapanda kwa miguu na kitenge changu kipya, wauza peasi wananiuliza, "Mama, umeachika?" Nikawajibu, "Nimemwacha mimi, hana nguvu." Ukacheka mpaka ukaegemea boneti, ukaungua mkono.

Pale hapakuwa na aibu. Aibu umeitengeneza mwenyewe baadaye, ukaikalia huko Dodoma. Kila Idi ni hilo hilo: "Bibi, nikipata gari la maana nakuja."

Basi nimemuuliza dereva anayeshusha kabichi zetu. Anasema injini ndogo mno hula zaidi mlimani, maana unaikanyaga njia nzima. Kubwa la kujionyesha nalo liache. Chukua la katikati, lenye nguvu hata resi ikiwa chini, na gia za kulishikilia wakati wa kushuka, siyo kukanyaga breki mpaka zinanuka. Lisimamishe katikati ya mwinuko, kisha ondoka. Likisuasua, mrudishie mwenyewe.

Hayo ni ya gari. Sasa yangu. Juzi umesema, "Hiki kigari kidogo kitanitosha, Bibi, si niko peke yangu?" Ukakata kabla sijakujibu. Jibu ni hili. Aliye peke yake ni mimi. Tangu shangazi yako aolewe Muheza nasonga ugali wa mtu mmoja, na kipimo chake mpaka leo sikijui. Wanaonenepa ni kuku. Ukungu ukishuka mchana nawasha redio nisikie watu wakibishana. Magoti hayanifikishi tena barabarani. Nataka siku ya gulio nipelekwe Lushoto, nigombane na watu juu ya bei ya viazi, nirudi nimechoka kama mtu mwenye kwao. Wewe unapima gari, mimi simo.

Ukienda kulijaribu usiende mtupu. Weka gunia la viazi kiti cha mbele, lililojaa hasa, usinipunje, na ulifunge mkanda. Likipanda nalo, linunue. Lisipopanda, njoo na basi, gari tutatafuta wote.

Ni mimi bibi yako, na mke wako mkubwa.