Trekta Aliyoichagua Baba

Mutuini, Dagoretti,
Nairobi.
2 Aprili 2006

Mpendwa kaka Gerishon,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako mvua imefika na udongo unanukia. Hujambo huko Toronto? Baridi imepungua? Sisi tu wazima, ila mgongo wa Baba bado unamsumbua.

Nataka usikie habari za trekta kutoka kwangu. Najua ulitaka tununue mpya, na tulienda kuiona. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, kiti bado kimefunikwa nailoni. Baba aliizunguka mikono nyuma, akamwuliza muuzaji spea zinapatikana wapi. Akaambiwa zinaagizwa ng'ambo. Hakuuliza kitu kingine.

Baadaye mzee Kinyanjui, yule aliyeimba kwaya pamoja na Baba, akatuita tuone yake ya zamani. Rangi imebabuka, taa moja haipo, na inavuja oili kidogo. Mimi nilitaka turudi nyumbani. Lakini fundi aliisikiliza injini akasema ni nzima, na spea zake zimejaa madukani River Road. Baba akapanda, akaiwasha, akazunguka nayo uwanjani. Kaka, tangu tumzike Mama sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

Aliposhuka nilimkumbusha maneno yako. Akanijibu polepole, "Gerishon alitaka mpya ili aje anionyeshe kuiendesha. Shiku, hii naijua."

Basi tukachukua hiyo ya zamani. Unakumbuka shamba lilikuwa limelala misimu miwili, na kaka yetu Ndungu ameshikilia tujenge nyumba za kupangisha kama majirani? Siku hizi amenyamaza. Mahindi yamepandwa, na watu wanakuja kuomba kulimiwa.

Kipande kimoja tu hakijaguswa, kile cha chini ulikokuwa ukipanda viazi na Mama. Nilidhani dizeli ilimwishia Baba, nikamwuliza.

Akasema, "Hicho ni cha Gerishon. Atakilima mwenyewe."

Majirani wanaolima bado wameshapanda, na pale magugu yananifika magotini. Jana Ndungu alichukua jembe akakilime. Baba akamrudisha.

Shangazi Hannah anakusalimu sana. Ndungu pia, na Ciru wa jirani, ambaye bado anakuulizia akikutana nami kanisani.

Mungu aliyekufikisha huko salama akurudishe salama, Baba akiwa bado ana nguvu za kukufungulia lango.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka,
Shiku