Esanse ya Honorine

Jumatatu, 5 Novemba 1979
Bei ya esanse, mafuta ya motoka, imepanda tena. Na hata kwa bei hiyo, pompi nyingi za mjini zimekauka. Adalbert alipanga mstari tangu Jumamosi, akalala ndani ya motoka. Leo amerudi na ndevu na harufu – na tangi nusu! Nimempenda mume wangu kama zamani.

Tumekubaliana: esanse hii ni ya binti yetu Honorine. Mimba yake imefika mwisho na mtoto amekaa vibaya. Sista wa materniti amesema ni siku yoyote, na asije kwa miguu. Mume wake yuko kazini Kolwezi. Basi ni sisi.

Jumatano, 7 Novemba
Adalbert alitaka "kupita kidogo" kwa rafiki zake mjini. Kupita kidogo! Nazijua chupa za huko. Nimechukua ufunguo wa motoka, nimeufunga kwenye pindo la kikwembe changu. Nikamwambia watu kama yeye ndio wanaomaliza esanse ya nchi hii, halafu wanalaumu wakubwa.  Akaenda kwa miguu, akarudi amelowa mvua. Sikumwonea huruma.

Ijumaa, 9 Novemba
Kesho mwana wetu Mulenga anaoa. Mama Chileshe, mama wa bibi harusi, ametuma neno kutoka mtaa wao wa Makomeno: wao wana motoka nne, sisi je? Moja, Mama. Kwa hasira nimetia chumvi mara mbili kwenye mboga ya sombe.

Adalbert anasema tusiende mjini kwenye mzunguko wa Poste kuzunguka na honi kama wanavyofanya maharusi wote.
"Mama Mulenga, kanisa na nyumba, basi. Poste tuache."
Nimekubali. Ni haki.

Jumamosi, 10 Novemba
Ndoa nzuri! Mulenga ndani ya suti mpya ya abakosti, machozi yanamtoka, na mimi pia. Baada ya misa motoka za wakwe zikashika njia ya Poste, honi juu. Adalbert akapunguza mwendo, akaniangalia. Nikasema tufuate, mara moja tu.

Mara moja ikaisha. Hakuna aliyetoka. Huku kwetu, motoka inayotoka kwanza kwenye mzunguko ndiyo inayosemwa mwaka mzima. Mama Chileshe alitoa mkono dirishani, anapunga kitambaa, anacheka. Ananicheka mimi! Adalbert akaonyesha mshale wa tangi.
"Ona, inashuka. Ile esanse njo ya Honorine."
Nami nikapiga kelele: "Zunguka tena!"

Tukazunguka mpaka wakwe wakachoka. Wao ndio waliotoka kwanza. Nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi sana.

Jumapili, 11 Novemba
Naandika kwenye benchi la materniti. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Uchungu ulimshika Honorine asubuhi, kabla ya misa. Nilifungua pindo la kikwembe mimi mwenyewe, nikatoa ufunguo. Motoka ikakohoa, ikafika soko la mtaa wa Kenya, ikazima. Mulenga akaisukuma mpaka hapa pamoja na vijana wa sokoni, bado amevaa abakosti ya jana. Watu wakacheka, wakadhani ni mambo ya harusi. Kisha wakamsikia Honorine ndani. Wakaacha kucheka.

Hakunilaumu. Alinishika mkono tu, akasema, "Mama, inauma." Afadhali angenitukana. 

Sista ametoka. Mtoto amelala mkingamo. Hapa hawapasui, apelekwe hospitali kubwa mjini, sasa hivi. Ambilansi ipo uani, naiona kutoka hapa. Dereva amefungua milango yake yote, amekaa chini kando yake. Sista anasema:
"Ambilansi iko, Mama. Esanse njo haiko."

Mulenga amekimbilia Makomeno kuwaomba wakwe kilichobaki kwenye motoka zao. Kilichobaki! Na wao walizunguka kama sisi. Na mimi ndiye niliyewazungusha.

Honorine ameita tena. Sauti imepungua.

Sista amesimama mlangoni, anauliza ukumbi mzima: "Nani iko na esanse? Hata kidogo?" Watu wanatazama chini. Adalbert hatazami chini. Ananiangalia mimi, vile vile kama jana kwenye njia ya Poste. Anangoja nimwambie twende wapi.